Penye nia pana njia, lakini njia nayo ina viza yake

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili, na wawili watatu kati yenu wameniuliza kulikoni. Hakuna seva iliyoungua wala sijabadilisha kazi. Mimi na mke wangu tunapanga likizo. Likizo yenyewe ni fupi, siku tisa ukihesabu na zile za kukaa ndani ya ndege, na mahali penyewe panaitwa Speightstown. Ni mji mdogo wa pwani, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Barbados, kule visiwa vya Karibi.

Najua mtakachoniuliza. Lamu imekosa nini? Kilifi je? Hata mama yangu aliuliza hivyo hivyo. Lamu tumekwenda, na Mungu akijalia tutakwenda tena. Lakini mke wangu ni mwalimu wa historia. Kila mwaka yeye huchora ubaoni ile pembetatu ya biashara ya Atlantiki: meli zinatoka Ulaya zikiwa na bidhaa, zinafika Afrika Magharibi na kubeba watu, zinavuka hadi Karibi na kurudi Ulaya na sukari. Pembe mbili za mchoro huo wanafunzi wake wanaziona kwenye televisheni kila siku. Ile ya tatu, ya sukari, hubaki kuwa nukta tu ubaoni. Anataka kuiona kwa macho yake. Mimi nataka bahari na siku saba bila simu ya kazini. Tukakubaliana.

Kwa nini Speightstown, na si Bridgetown, mji mkuu? Kwanza ni mji mdogo, na sisi hatuendi kutafuta disko. Pili, una historia ya kumtosha mwalimu. Zamani bandari yake ilifanya biashara nyingi na mji wa Bristol wa Uingereza hata wakauita Bristol Ndogo. Karibu na hapo, katika parokia hiyo hiyo ya Saint Peter, kuna shamba la miwa la St. Nicholas Abbey lenye jumba la karne ya 17. Na kisiwa chenyewe ni kidogo: urefu kilomita kama 34, upana 23. Eneo lake lote ni dogo kuliko kaunti ya Nairobi! Ukilala kaskazini bado unaweza kwenda kusini asubuhi na kurudi jioni. Kule kusini ndiko kuliko makaburi ya watumwa ya Newton, mahali panapokadiriwa kuzikwa watu kama 570. Hapo ndipo mke wangu alipoweka alama ya kwanza kwenye ramani.

Haya, tuje kwenye yale yanayonileta hapa.

Siku ya kwanza tulifurahi sana kwa sababu tuligundua kwamba Mkenya hahitaji viza kwenda Barbados. Unakwenda na pasipoti yako, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na pesa za matumizi. Nilidhani kazi imekwisha. Mlango uko wazi, mwenyeji anasema karibu, kilichobaki ni kununua tiketi. Wahenga walisema penye nia pana njia, sivyo?

Lakini wahenga hawakuwahi kubadilisha ndege Heathrow :-)

Hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na Bridgetown. Lazima upite mahali, na pengine mahali pawili au patatu. Na kila mahali unapopita pana sheria zake kuhusu mtu mwenye pasipoti kama yangu, hata kama mtu huyo hataki chochote kwao ila kiti cha kukalia na choo kwa saa tatu akisubiri ndege ya pili.

Hapo ndipo niliacha kufikiri kama mtalii nikaanza kufikiri kama mtu wa tarakilishi. Tatizo hili sote tuliosoma sayansi ya kompyuta tunalijua. Chukua viwanja vya ndege uviite nukta. Chukua safari za ndege uziite mistari inayounganisha nukta hizo. Kila mstari una uzito wake, yaani bei, au saa, au kilomita. Swali ni hili: njia ipi kutoka nukta ya Nairobi hadi nukta ya Bridgetown ina uzito mdogo zaidi? Jibu lake lilipatikana zamani. Edsger Dijkstra, Mholanzi, alilibuni mwaka 1956 akiwa amekaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, na alisema baadaye kwamba ilimchukua kama dakika 20 bila kalamu wala karatasi. Alilichapisha mwaka 1959. Mpaka leo simu yako ikikuonyesha njia ya kukwepa msongamano wa Thika Road, ndani yake mna jamaa wa karibu wa wazo hilo.

Basi nikaandika programu ndogo ya Python, mistari kama hamsini hivi. Nilianza na kilomita peke yake ili nione picha. Kwa mstari ulionyooka juu ya mviringo wa dunia, Nairobi hadi Bridgetown ni kama kilomita 10,700. Ukipitia London inakuwa kama 13,600. Ukipitia New York, ambako Kenya Airways imekuwa ikienda moja kwa moja tangu Oktoba 2018, inakuwa kama 15,200. Kisha kuna njia ya kusini, Addis Ababa, São Paulo, Panama halafu Bridgetown, ambayo inakaribia 18,400 na ina ndege nne. Programu ikachagua London bila kusita, na kwa kilomita ilikuwa sahihi kabisa.

Tatizo ni kwamba uzito wa kweli wa mistari hii haumo kwenye kilomita. Umo kwenye ruhusa.

Tuanze na London. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza hata kama hawatoki nje ya eneo la abiria wanaobadilisha ndege, na Kenya imo. Maana yake, ukitua Heathrow asubuhi na ndege yako ya Bridgetown iko hapo hapo mchana, bado unahitaji viza ya kupitia. Bila hiyo hutafika hata Heathrow, kwa sababu watakuzuia Nairobi kwenye kaunta ya mizigo.

Marekani ni vigumu zaidi. Kule hakuna utaratibu wa kubaki upande wa ndani ukisubiri ndege ya pili. Kila anayetua anapita uhamiaji, kwa hiyo anayebadilisha ndege tu naye lazima awe na viza. Na kupata nafasi ya mahojiano kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko likizo yenyewe.

Ulaya bara ni afadhali. Nchi za Schengen zina orodha yao ya pamoja ya raia wanaohitaji viza ya kubadilisha ndege uwanjani, na Kenya haimo. Ila sheria yao inairuhusu kila nchi mwanachama kuongeza majina yake yenyewe, kwa hiyo huwezi kusema "Ulaya ni sawa" ukalala. Unakagua nchi moja moja, na unakagua tena kabla ya kulipa.

Sasa angalieni jambo lililonifurahisha kama mwanaprogramu na kuniudhi kama Mkenya. Sheria ya Uingereza inawasamehe baadhi ya watu ile viza ya kupitia, kwa masharti yake. Mmoja wao ni yule mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand. Maana yake, mistari ya ramani yangu si ile ile kwa kila mtu, na hata kwa mtu mmoja inabadilika kulingana na alicho nacho mfukoni. Ukipata viza moja, mistari mingine inafunguka yenyewe. Programu yangu ya mistari hamsini haikutosha tena. Haitoshi kuuliza "niko uwanja gani?" Inabidi uulize "niko uwanja gani, na nina karatasi gani?" Kila mchanganyiko wa uwanja na karatasi unakuwa nukta mpya. Nikaandika upya, na nukta zikazidi maradufu. Aliye na karatasi anaongezewa njia, asiye na karatasi anazungushwa São Paulo.

Kuna mtego mwingine niwaeleze, maana unaweza kuwagharimu. Ni ule wa tiketi mbili tofauti. Ukitafuta bei mtandaoni utaona kwamba kununua Nairobi hadi mji fulani wa Ulaya kwa shirika moja, kisha kutoka hapo hadi Bridgetown kwa shirika lingine, mara nyingi ni rahisi kuliko tiketi moja ya safari nzima. Usishangilie. Kama mashirika hayo hayana makubaliano, mzigo wako hautapelekwa hadi mwisho. Utautoa mwenyewe, na ili kuutoa lazima upite uhamiaji uingie nchini, na ili uingie nchini unahitaji viza kamili ya kuingia, wala si ya kupitia. Tena ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, hakuna anayewajibika kwako. Kwenye programu yangu niliongeza sharti: tiketi moja tu, la sivyo mstari huo haupo.

Baada ya ruhusa, kuna majira. Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Barbados iko mashariki kidogo ya visiwa vingine na mara nyingi hunusurika. Kimbunga Elsa cha Julai 2021 kilikuwa cha kwanza kukipiga kisiwa hicho tangu Janet cha mwaka 1955. Lakini mnamo Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini tu ya kisiwa na bado mawimbi yake yakavunja mashua nyingi za wavuvi. Mtu mwenye siku saba hana nafasi ya kupoteza mbili ndani ya chumba akisikiliza upepo. Kwa hiyo Juni hadi Novemba nikaitoa.

Katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili ndio wakati Wazungu wanakimbia baridi, na bei za vyumba zinapanda. Kinachobaki kwa mfuko wetu ni mwisho wa Aprili na mwezi Mei. Tena Mei mosi ni sikukuu kwetu na kwao vile vile, kwa hiyo naokoa siku moja ya ruhusa kazini. Safi!

Lakini ndege nyingi za moja kwa moja kutoka Ulaya bara hadi Bridgetown huja kwa msimu tu, na msimu wenyewe ni huo huo wa baridi. Ukisogeza safari hadi Mei ili uokoe pesa za chumba, mistari inayopita Ulaya bara inaanza kufutika kwenye ramani, na unarudishwa London, kwenye viza ya kupitia. Ukitaka kukwepa viza unakwenda Machi na kulipa bei ya Wazungu. Ndivyo pasipoti inavyoingia kwenye hesabu ya mfuko, ingawa kule unakokwenda hakuna aliyekuuliza viza.

Hapa ndipo palipozuka mjadala nyumbani. Mimi nilisema twende Machi tulipe, tuepuke maombi ya viza. Wengi hawajui kwamba maombi yakikataliwa, kukataliwa huko hakuishi siku hiyo. Fomu nyingi za viza huuliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, na ni lazima useme kweli. Kazi yangu ina makongamano, ina wateja wa nje, ina siku ambayo pengine nitaitwa Berlin au Toronto kwa wiki moja. Je, niweke doa kwenye faili langu kwa ajili ya saa tatu za kukaa Heathrow nikinywa kahawa? Mtu akikataliwa kuingia nchi aliyotaka kwenda, angalau alikuwa anaitaka. Mimi ningekataliwa kupita ukumbini mwa nyumba ambayo sikuomba hata kuingia sebuleni.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Bwana, tofauti ya bei ya chumba na tiketi kati ya Machi na Mei ni kiasi gani?" Nikamwonyesha. Ilikuwa inakaribia karo ya muhula mmoja ya mdogo wake tunayemsomesha. Akasema, "Basi hapo huna haja ya programu. Sisi wote tuna kazi za kudumu, tuna taarifa za benki, tuna barua za waajiri, na tunarudi kwa sababu kuna watu wanatungoja. Tukiogopa kuomba kitu ambacho tuna sababu halali ya kukipata, tutakuwa tumejinyima wenyewe kabla hawajatunyima." Nilitafuta jibu sikulipata. Tutaomba.

Kwa hiyo huu ndio mpangilio wetu, na nauandika hapa kwa sababu nadhani utamfaa yeyote kati yenu anayeota visiwa vile, iwe ni Barbados au jirani zake.

Moja, njia kwanza, hoteli baadaye. Tovuti zote za utalii huanza na picha ya kitanda na bahari. Kwa pasipoti yetu anza na ramani ya mahali pa kubadilishia ndege, na usome sheria kwenye tovuti ya serikali husika, si kwenye maoni ya watu.

Mbili, usilipe chochote kisichorudishwa kabla ya viza ya kupitia kuwa mkononi. Chumba tumekishika kwa masharti ya kughairi bila malipo. Tiketi bado hatujanunua.

Tatu, chanjo. Barbados inadai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya inahesabiwa humo. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani tafuta kile kijitabu cha njano kabla ya kulipia sindano nyingine.

Nne, umeme. Kule soketi ni za Kimarekani, za pini bapa, na volti ni 115, sisi ni 240. Chaja ya kipakatalishi na ya simu hazina shida. Soma maandishi madogo, utaona 100 hadi 240. Lakini pasi yako ya nguo iache nyumbani. Ukiigawa volti karibu nusu, nguvu inashuka hadi karibu robo, na utasimama hapo kama unapiga pasi kwa kijiko.

Tano, pesa. Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani, mbili kwa moja, tangu 1975, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Mwaka 2019 nauli ya basi ilipandishwa hadi dola 3.50 zao, popote uendapo kisiwani. Hiyo ni kama shilingi 225 zetu. Na kuna vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, vinaitwa ZR kwa sababu ya herufi za namba zao, vyenye muziki mkubwa na madereva wenye haraka. Mtu wa Nairobi hatahitaji kuelekezwa :-)

Sita, kazi. Tofauti ya saa ni saba. Saa tatu asubuhi ya Nairobi, wakati wateja wanapofungua mfumo wetu na kugundua kwamba umekwama, kule ni saa nane usiku. Zamu yangu nimeikabidhi kwa maandishi, na mwenzangu ameshajaribu kurejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala akiwa peke yake. Barbados ilianzisha mwaka 2020 kibali kinachoruhusu watu kuishi kule miezi 12 wakiwafanyia kazi waajiri wa nje. Masharti yake ni mapato ya angalau dola 50,000 za Marekani kwa mwaka na ada ya dola 2,000. Mimi nitabaki na siku saba zangu, asanteni.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukitazamia. Chakula cha taifa cha Barbados ni samaki warukao na kitu kinachoitwa cou-cou. Nikasoma kinavyopikwa: unga wa mahindi unasongwa kwa mwiko kwenye maji ya bamia mpaka ushikane. Jamani, huo si ugali? Na kuna shelisheli kila mahali, ile ile ya Mombasa, ya kuchoma na ya kuchemsha. Watu wa upande ule wanasonga unga kama sisi, wanaendesha kushoto kama sisi, walitawaliwa na Mwingereza kama sisi, wakapata uhuru wao Novemba 1966, miaka mitatu baada yetu. Septemba 2021 Kenya iliongoza mkutano wa kwanza wa viongozi wa Afrika na wa Karibi, na ulifanyika kwa njia ya video. Naona hata viongozi walipata njia nyepesi kupitia nyaya kuliko angani.

Mke wangu anasema atakapoichora tena ile pembetatu ubaoni ataongeza mstari wa nne, wa nukta nukta, kutoka Nairobi moja kwa moja hadi Bridgetown, na kuwauliza wanafunzi kwa nini haupo. Ni swali zuri kwa mtihani. Programu yangu inaweza kuonyesha kwamba mstari huo ungekuwa mfupi kuliko yote. Kwa nini haupo, hiyo ni kazi ya somo lake.

Maombi tunayapeleka wiki ijayo. Kama mmoja wenu ameshawahi kupita njia hii, aniandikie, hasa kuhusu muda aliosubiri viza ya kupitia. Wiki ijayo narudi kwenye mambo yetu ya kawaida: jinsi ya kupima kama nakala ya hifadhidata yako inafaa kweli kabla hujaihitaji. Kwaherini kwa sasa.